Uharamia wa filamu: Tangazo lililolinganisha kupakua na kuiba gari

Mnamo 2004, chama cha kampuni za filamu Marekani, MPAA, na afisi ya hakimiliki ya Singapore zilianzisha kampeni dhidi ya uharamia. Tangazo lake, lililowekwa mwanzoni mwa DVD nyingi, lilimwonya mtazamaji kwamba kupakua filamu bila idhini ni sawa na kuiba gari.

Mlinganisho huo ulikuwa na walakini. Aliyeibiwa gari hubaki akitembea kwa miguu, ilhali filamu iliyonakiliwa husalia mikononi mwa mwenyewe, ijapokuwa hupoteza mapato. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imetofautisha makosa hayo mawili mnamo 1985, katika kesi ya Dowling.

Ajabu ni kwamba aliyelazimishwa kulitazama ni mnunuzi halali. Aghalabu maharamia walilikata. Mnamo 2007, kipindi cha ucheshi cha Uingereza, The IT Crowd, kililikejeli.