Shahada kwa Njia ya Mtandao au Chuoni: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, furaha ya kufaulu huingia nyumbani pamoja na swali la wapi kijana ataendelea na masomo. Zamani swali hilo lilihusu chuo gani na mkoa gani. Siku hizi limeongezeka jingine: je, ahamie chuoni, au asome shahada akiwa nyumbani kwa njia ya mtandao? Wala wanaouliza si vijana peke yao. Huuliza pia mwalimu wa shule ya msingi mwenye stashahada, muuguzi wa zahanati, katekista mwenye familia, na mtawa aliyepangiwa utume mbali na mji. Swali ni moja, lakini jibu la mmoja laweza kuwa hasara kwa mwingine.

Kusoma shahada bila kukaa chuoni si jambo lililoletwa na intaneti. Chuo Kikuu cha London kiliifungua mitihani yake mwaka 1858 kwa watahiniwa wasiohudhuria chuo chochote. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimefundisha kwa masafa tangu 1946, na ni kwa njia hiyo Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, nacho kina vituo mikoani. Kenya ilizindua chuo kikuu huria chake mwaka 2023. Kwa hiyo anayemdharau msomi wa masafa kana kwamba shahada yake ni ya daraja la pili anazungumza bila kuijua historia.

Hata hivyo, historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, yaani kile kile kilichokwisha kuwatahini watu wa mbali kwa zaidi ya miaka mia moja. Wanafunzi 13 wangeweza kuandikishwa kwa barua. Lakini waliwekewa walimu na kukusanywa chini ya paa moja.

Sababu ya kufanya hivyo ilielezwa mapema na Mtakatifu John Henry Newman katika mihadhara aliyoitoa Dublin mwaka 1852 kuhusu maana ya chuo kikuu. Aliweka mbele ya wasikilizaji wake vyuo viwili: kimoja kinachotoa shahada kwa yeyote anayefaulu mtihani, bila makazi wala mlezi, kingine kinachowakusanya tu vijana kwa miaka mitatu au minne, kisha kinawaacha waende zao. Alisema kwamba angelazimika kuchagua, angechagua hicho cha pili. Kwa maoni yake, vijana wenye akili wakiishi pamoja hufundishana hata pasipo mwalimu. Aliyewahi kukaa bwenini anaelewa: mabishano ya usiku wa manane, rafiki wa kabila lingine anayekupinga kwa hoja, mhadhiri unayemsubiri mlangoni na swali lako, jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki ya TMCS inayokukabidhi uongozi kabla hujajiona kuwa kiongozi. Hayo hayaandikwi kwenye cheti.

Lakini tumsome Newman kwa haki. Alikuwa anawafikiria vijana wasio na mke, mtoto wala ajira. Hakuwa na mama wa miaka 38 anayefundisha watoto sabini darasani, ambaye akiondoka kwenda Mwanza au Nairobi kwa miaka mitatu, nyumba inayumba na mshahara unakuwa wa mashaka. Kwa maoni yetu, kijana aliyetoka sekondari na mwenye uwezo wa kwenda chuoni, hata kwa kujibana, aende. Umri ule haurudi, na bado hajajifunza kujisimamia. Mtu mzima mwenye kazi na familia asione haya kuchagua masafa. Mara nyingi yeye hufaidi zaidi, kwa kuwa anachokisoma usiku anakijaribu kazini asubuhi.

Kosa kubwa linalofanyika ni kulinganisha ada peke yake. Ni kweli kwamba asomaye nyumbani anaepuka gharama za hosteli, chakula na nauli za kila muhula. Lakini atahitaji kompyuta mpakato, bando la kila mwezi, na safari za kwenda kituo cha mitihani. Zaidi ya fedha kuna saa, ambazo hakuna anayezihesabu. Kwa kipimo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Hizo ni saa 3,600. Ukitaka kuzimaliza kwa miaka mitatu bila kupumzika juma hata moja, ni saa 23 kwa juma, yaani zaidi ya saa tatu kila siku, Jumapili ikiwemo. Mwalimu yule anafika nyumbani saa kumi na moja jioni, anapika, anasahihisha madaftari. Saa tatu hizo atazitoa wapi? Akizigawa kwa miaka sita, zinakuwa kama 12 kwa juma, na hapo jambo linawezekana. Faida halisi ya chuo huria kwa mtu wa aina hii ni ruhusa ya kwenda polepole. Anayeahidiwa kumaliza upesi huku akifanya kazi siku nzima anapaswa kuuliza maswali.

Yapo masomo ambayo hayana mjadala. Udaktari, uuguzi na uhandisi vinadai wodi, maabara na karakana. Hakuna anayejifunza kushona jeraha kwa kutazama skrini. Ualimu unaweza kusomwa kwa masafa, lakini mazoezi ya kufundisha lazima yafanyike mbele ya wanafunzi halisi. Sheria, biashara, lugha na sayansi za jamii husomeka vizuri zaidi kwa mbali, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ni kusoma na kuandika.

Jambo linaloweza kuiumiza familia kabisa ni shahada isiyotambuliwa. Nchini Tanzania, TCU ndiyo inayotoa ithibati kwa vyuo vikuu na kuzitambua shahada za nje. Kenya kuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na Uganda kuna Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Chuo kuwa na ithibati ni jambo moja, programu unayoitaka kuidhinishwa ni jambo jingine. Yaulizwe yote mawili, kwa maandishi. Ikiwa taaluma ina bodi yake ya usajili, nayo iulizwe. Chuo cha ng’ambo kinachotoa shahada kwa “uzoefu wa maisha”, bila mitihani na kwa miezi michache, kiogopwe hata kama tovuti yake inapendeza. Mzazi aliyeuza shamba la kahawa ili kulipa ada harudishiwi shamba kwa kuonyesha cheti kilichokataliwa.

Wapo waliovunjwa moyo na masomo ya mtandao ya mwaka 2020, vyuo vilipofungwa ghafla kwa sababu ya UVIKO-19. Ule ulikuwa mpango wa dharura: mhadhara wa darasani ulirushwa tu kwenye simu. Programu iliyoandaliwa kwa masafa tangu mwanzo huwa na vitabu vyake vya kujisomea, ratiba ya kazi za kuandika na mwalimu anayejibu. Usisite kukiomba chuo kikuonyeshe moduli moja kamili kabla hujajiandikisha.

Parokia nazo zina nafasi. Ukumbi wenye umeme na meza, ukifunguliwa jioni tatu kwa juma, unampa mwanafunzi wa masafa kile ambacho nyumba yenye watoto na redio haiwezi kumpa. Wakipatikana wawili au watatu wanaosoma, hata kozi tofauti, wakae pamoja. Anayejua kwamba mwenzake anamsubiri hukosa mara chache.

Kwa anayesitasita, ipo njia ya kujipima isiyo na gharama. Azima kitabu cha somo unalolitaka, chagua saa zile zile utakazosoma ukiwa mwanafunzi, na uketi nacho kwa majuma manne, ukiandika kurasa mbili kila Jumamosi. Mwishoni hesabu saa ulizoketi kweli, uzilinganishe na 12 au 23 zilizotajwa hapo juu, kisha ndipo uende benki kulipa.