Meli ya Gavana, Meli ya Dagaa

Maji ya Ziwa Kivu hutoka hapa kwetu Cyangugu kwa Mto Rusizi na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Nilianza kuichunguza meli ya huko chini kwa sababu ya jina lake la kwanza, Graf von Götzen. Götzen ni yule Mjerumani aliyepokelewa na Mwami Kigeli Rwabugiri mwaka 1894, kisha akafika Kivu. Baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Vita vya Maji Maji vilizuka akiwa madarakani.

Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000. Kutoka Dar es Salaam ilisafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Vita vilikuwa vimeshaanza, hivyo ikafungwa mzinga wa manowari Königsberg. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiikimbia Kigoma, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Kwanza, lakini, mafundi walizipaka injini grisi nene. Hapo ndipo nilipovutiwa zaidi: mtu hapaki grisi chombo anachokizamisha kama hatarajii kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Simulizi nyingi nilizosoma hukaa sana kwenye ile miezi ya vita, kisha kazi ya miaka iliyofuata inapewa mistari michache. Sikubaliani na mgawanyo huo. Meli hii ilikuwa ya kivita kwa muda usiozidi mwaka mmoja na nusu. Imebeba mizigo na abiria kwa miongo mingi. Kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilikuwa ikisimama mbali na ufuko, mitumbwi ikaizunguka, watu wakapandisha magunia ya dagaa, mananasi na watoto wao kwa purukushani, hata usiku wa manane. Mwaka 1997 iliwarudisha Wakongo zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Mei 2015 ilichukua Warundi waliokuwa wamejazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, ikawafikisha Kigoma. Kwetu sisi wa eneo la Maziwa Makuu, habari hii ina uzito kuliko ule mzinga.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Liemba ilisimamishwa Kigoma ikingoja matengenezo makubwa. Mwenye gunia la dagaa akabaki na maboti ya mbao, na upepo wa ziwa lile anaujua.