Siri ya Mtoa Habari: Kutoka Daftari hadi Simu

Mafunzo ya uandishi wa habari Kanda ya Ziwa yana mizizi yake Nyegezi, Mwanza, katika kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, ambacho mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Dar es Salaam, Chuo cha Uandishi wa Habari kilianza mwaka 1975. Enzi hizo kumlinda mtoa habari lilikuwa somo la maadili. Mwandishi aliyefika Dutwa, kata ya wakulima wa pamba kwenye barabara ya Lamadi–Bariadi, aliweza kutoandika jina la mkulima aliyemlalamikia kuhusu mizani ya wanunuzi, na siri ikabaki baina ya watu wawili.

Simu ya mkononi ilivunja siri hiyo. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilianza kuenea kwa kasi, na kazi ya mwandishi ikahamia kwenye kifaa kimoja: kurekodi, kupiga picha, kutuma habari, kutunza namba za watu. Kuanzia mwaka 2019 laini zilisajiliwa kwa alama za vidole, hivyo namba ya mkulima ikaunganishwa na utambulisho wake. Picha nayo inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa.

Sheria na matukio ndivyo vilivyoufanya usalama wa simu nao kuwa somo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliwapa polisi uwezo wa kudai taarifa zilizohifadhiwa kwenye mifumo ya kompyuta. Mwaka uliofuata, Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alifikishwa mahakamani baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Novemba 2018, maofisa wawili wa Kamati ya Kulinda Wanahabari, Angela Quintal na Muthoki Mumo, walishikiliwa Dar es Salaam na simu zao kuchukuliwa. Wakiwa bado mikononi mwa waliowakamata, ujumbe wa uongo ulitumwa kupitia akaunti ya Twitter ya Quintal kwamba wameachiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuja mwaka 2022.

Somo zuri halianzi na programu. Huanza na swali: simu hii ikichukuliwa leo, nani ataumia? Baada ya hapo ndipo mwanafunzi hujifunza kuweka nywila ndefu, kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, kutunza nakala mahali pengine, kufuta namba zisizohitajika na kuzima utambuzi wa mahali kabla ya kupiga picha.

Vijijini swali hilo lina uzito wake. Simu huachwa dukani kuchajiwa, na mara nyingi familia nzima hutumia moja. Ujumbe uliokusudiwa mtu mmoja husomwa na wengi. Ndiyo maana mwanafunzi anayekwenda Dutwa hufundishwa kumuuliza mtoa habari kwanza nani mwingine anashika simu yake, na pale simu isipokuwa salama, kumfuata ana kwa ana.