Noëlla Coursaris Musunka na shule ya Kalebuka

Noëlla Coursaris Musunka ni mzaliwa wa Lubumbashi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 5. Mama, kwa kukosa makuta, akamtuma kwa ndugu Ulaya. Mwaka 2007 alianzisha shirika Malaika, na mwaka 2011 likafungua shule ya wasichana Kalebuka, kando ya Lubumbashi. Wazazi hawalipi minervali. Wasichana zaidi ya 400 wanasoma pale, na kati ya masomo kuna kompyuta na kuandika programu. Siye wa Kolwezi jambo hili linatugusa: kobalti ya Lualaba inaingia katika betri za simu dunia nzima, lakini kuna watoto wanaoijua kwa kuiokota machimboni tu. Kalebuka inaonyesha njia ingine.