Wahenga Gani Hao?

Kama ulisomea shule ya msingi hapa Kenya, unajua insha ilikuwa inaanza aje. "Wahenga na wahenguzi hawakukosea walipolonga kwamba..." Halafu methali. Halafu jua linachomoza, ndege wanaimba, na bado hujasema kitu. Mimi niliandika hiyo sentensi kutoka darasa la nne mpaka KCPE na hakuna siku mwalimu aliniuliza wahenga ni akina nani. Wahenguzi ndio usiseme. Sijawahi kukutana na mhenguzi hadi leo.

Ilikuwa kama muhuri. Ukishapiga muhuri wa wahenga, hakuna wa kukupinga, alama zinakuja. Na hao wahenga wenyewe hata hawakuwa wanakubaliana! Haraka haraka haina baraka, sawa, halafu ngoja ngoja huumiza matumbo. Mvumilivu hula mbivu, lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ukikimbia uko na methali ya kukutetea, ukilala pia uko nayo. Hapo ningekuwa nimeshajua kuna kitu.

Siku hizi neno limehamia huku mtandaoni. Mhenga ni mtu yeyote anayekumbuka kitu chenye wewe hukumbuki. Ukitaja Vitimbi, mhenga. Ukitaja nyimbo za Ogopa, mhenga. Juzi kijana wa Form Two aliniita mhenga kwa sababu nilisema nimewahi kukwaruza kadi ya kredo na shilingi. Niko na miaka 23, jameni. Nilicheka, nikamjibu vibaya, tukaendelea na maisha.

Lakini mwezi wa nne hizi story za watu wa zamani ziliacha kunichekesha.

Guka wangu alituacha mwaka jana. Ushago ni Murang'a, shamba ni ekari nne na kitu, limeshuka kutoka barabarani mpaka mtoni kama ukanda. Familia ikaitwa kukaa chini. Baba yangu ni wa pili kati ya watoto watano: wanaume watatu, wasichana wawili. Tata mkubwa ameolewa Nyeri. Tata mdogo alirudi nyumbani ndoa ikiharibika, miaka 11 sasa, na ndiye amekuwa akiosha guka, kumlisha, kumpeleka kliniki, na sasa anaangalia shosho. Mimi nilikuwa naleta chai. Hiyo ndiyo kazi yangu kwenye mikutano, hata kama nina wafuasi elfu ishirini wanaonisikiliza.

Baba mkubwa akasimama. Akasema shamba litakatwa mara tatu, kila mwanaume kipande chake. Mtu akauliza, na tata? Akajibu pole pole, hata bila hasira: "Tangu enzi za mababu zetu, msichana hagawiwi shamba. Sio mimi nimesema. Ni mababu."

Watu wakatingisha vichwa. Tata akaangalia chini. Na mimi, nikiwa na birika mkononi, mdomo ukatoka: "Mababu gani?"

Kimya. Baba mkubwa akaniangalia akasema, "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, sasa unakuja kutufunza?" Watu wakacheka. Nikarudi jikoni.

Niseme ukweli, iliniuma, na iliniuma kwa sababu sio uongo. Niliacha. Lakini swali bado lilikuwa swali. Nilikuwa namaanisha: jina lake. Babu yupi alisema hivyo, mwaka gani, akiwa amekaa wapi?

Wacha tutenganishe maneno kidogo. Mhenga ni mtu wa kale mwenye busara, wa mtu yeyote. Hana ukoo, hana kaburi. Babu ni wako wa damu. Mababu ni wengi wao, wamepangwa nyuma yako kama foleni. Tatizo ni kwamba tunatumia mababu vile tulitumia wahenga kwenye insha. Unapiga muhuri, unakaa.

Halafu sikiliza neno lenyewe. Mababu. Bibi zao wako wapi? Hapa kwetu nyanya akitajwa wengi hata sijui hana wingi mzuri. Ukisema manyanya mtu anafikiria uko Marikiti. Tanzania mama wa mzazi wako ni bibi, hapa bibi ni mke wa mtu. Babu pekee ndiye amepata wingi wenye heshima. Ukisema "mababu zetu walipigania hii ardhi" unaona wanaume wenye mikuki. Huoni mtu ana kiondo.

Na kwa Wakikuyu hii ni ajabu zaidi, kwa sababu koo zenyewe zina majina ya wanawake. Mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, tisa waliojaa kama tunavyosema, ambao wanahesabiwa wakifika kumi. Wanjirũ, Wambũi, Wanjikũ, Wangarĩ, na wengine. Mimi binafsi, kwa sababu ndiye msichana wa kwanza kwetu, nilipewa jina la shosho, mama ya baba. Ndio maana baba yangu tangu nikiwa mdogo hunii­ta maitu. Mama yangu. Anaweza kuwa amenikasirikia kabisa na bado aseme, "Maitu, leta hiyo simu." Kwa jina mimi ni mzazi wake. Kwa mkutano mimi ni chai.

Usiku huo nililala kwa shosho. Yeye alizaliwa 1938, hiyo ni ya kitambulisho, mwenyewe hana uhakika. Nikamwuliza: shosho, ni kweli mababu walisema tata asipate shamba? Akacheka ile ya kukohoa. Akasema, "Hiyo karatasi imekuja nikiwa nimeshaolewa."

Karatasi ni hati ya shamba. Sikuelewa mara moja. Nikaenda kusoma, na hapa ndipo mambo yaligeuka.

Dharura ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka wa 1954 serikali ya mkoloni ikatoa mpango unaoitwa Swynnerton, kwa sababu aliyeuandika alikuwa ofisa wa idara ya kilimo, Roger Swynnerton. Mpango ulisema Mwafrika akusanye vile vipande vyake vya shamba vilivyotawanyika, viwe shamba moja, lipimwe, liandikwe, apewe hati. Mambo ya kahawa na ng'ombe wa maziwa kwa wakulima wadogo yalipanuka sana kupitia hapo, siwezi kukataa. Lakini angalia wakati. Katikati ya vita. Wanaume wengi wako kizuizini au msituni. Karibu watu milioni moja wamehamishwa kwa nguvu kutoka bomani kwao na kurundikwa kwenye vijiji vyenye mahandaki. Shosho alichimba hilo handaki akiwa msichana. Anasema mikono ilikuwa inatoka damu na askari anahesabu majembe. Huku nje kamati zinapima mashamba, na aliyekuwa upande wa serikali ana sauti kuliko aliye Manyani.

Na hati iliandikwa jina la nani? La mwanaume mwenye boma. Moja tu. Sio mke, sio dada aliyerudi, sio mama yake mzee.

Kabla ya hapo, shosho anasema familia aliyoolewa ilikuwa na vipande vitatu: kimoja cha nduma kule mtoni, kimoja juu, kingine mbali upande wa pili wa bonde. Mama mkwe wake alikuwa na sehemu zake, na hata bwana yake hangeingia akachimbue viazi bila kuuliza. Na kulikuwa na dada ya baba mkwe, aliyerudi kwao ndoa ikishindwa, kama tata. Alipewa mahali pa kujenga na mahali pa kulima. Hakufukuzwa na mtu. Vipimo vilipokuja, kipande chake kilimezwa kwenye ule ukanda mmoja, na jina lake halikuandikwa popote.

Sitaki kudanganya mtu. Mila ya zamani haikuwa paradiso. Mwanamke alikuwa anapata shamba kupitia kwa mume, baba au kaka, na mbari, yaani familia kubwa yenye ardhi, ilikuwa inaitwa kwa jina la mwanzilishi mwanaume. Hakuna mtu alikuwa anampa msichana gĩthaka aende nacho akiolewa. Baba mkubwa hajatunga yote. Lakini "asigawiwe" na "asiwe na pa kulima" ni vitu viwili. Ule wa zamani ulimwachia dada aliyerudi mahali. Huu wa hati moja, mtu mmoja, kata mara tatu na mwingine aondoke, umri wake ni kama wa shosho. Hata yeye anaushinda.

Kinachonishangaza ni kwamba zamani ukitaja mababu ilikuwa lazima utoe ushahidi. Mwaka wa 1932 Uingereza iliunda tume ya ardhi ya Kenya, ile ya Carter, ripoti ikatoka 1934. Mbari za Kiambu zilienda pale kudai ardhi yao iliyochukuliwa na walowezi, na hazikusema tu "mababu". Zilitaja mtu: fulani alinunua kutoka kwa fulani, akamzaa fulani, mpaka ni ule mti na ule mto. Kenyatta naye akiandika Facing Mount Kenya mwaka wa 1938 anaanza na ukoo na ardhi, na anakataa kabisa watu kusema Wakikuyu wanaabudu mababu. Kwake ni mawasiliano, kama unavyoongea na mzee aliye chumba kingine. Anawagawa hata hao waliokufa: kuna wazazi, kuna wa ukoo, kuna wa rika. Mbele ya mzungu babu alikuwa na jina na mpaka. Mbele ya tata, amekuwa moshi.

Kulikuwa na prof mmoja wa falsafa pale Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka, ambaye nampenda sana kwa hili. Kuanzia miaka ya 1970 alizunguka vijijini akihoji wazee, na mwaka wa 1990 akatoa kitabu, Sage Philosophy. Wazungu wengi walikuwa wanasema Mwafrika hana falsafa ya mtu mmoja mmoja, ana methali za kijiji tu. Yeye akaandika majina na maneno ya kila mzee. Na akawagawanya. Kuna mzee anayejua mila na kuzirudia vizuri. Halafu kuna mzee anayejua mila na anaweza kukuambia hapa tulikosea, na kwa nini. Wote wanakaa chini ya mti mmoja, wote tungewaita wahenga. Nikikumbuka mkutano wetu najua baba mkubwa ni yupi, na shosho ni yupi, na shosho hakuulizwa kitu.

Hata masimulizi yetu wenyewe yana rika la Iregi. Jina linatoka kwa kukataa. Ni wale inasemekana waliukataa utawala wa zamani wakaleta wa wazee wa rika, na tangu hapo utawala ukawa unapokezanwa. Hao pia ni mababu. Hakuna mtu huwataja kwenye mkutano wa shamba, sijui kwa nini (najua kwa nini).

Upande wa sheria sitakaa sana, kwa sababu iko wazi kuliko watu wanavyotaka. Sheria ya Urithi ilianza kutumika Julai 1981 na inasema watoto, haibagui msichana na mvulana. Mwaka wa 2005 Mahakama ya Rufaa, kesi ya Rono, mabinti walikuwa wamepewa kidogo kuliko kaka zao kwa hoja kwamba wataolewa. Majaji wakakataa hiyo hoja. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia kwenye mila za ardhi uondolewe. Baba mkubwa anajua haya yote. Alikuwa karani miaka mingi. Ndio maana hakutaja sheria, alitaja mababu, kwa sababu mababu hawawezi kuitwa kortini.

Nilimwambia tata twende kwa wakili. Akasema hataki kuwa yule dada aliyepeleka ndugu zake kortini, na shosho bado anapumua. Namwelewa. Ni yeye analala hapo, mimi narudi Umoja kwa matatu.

Kwa hivyo nimeanza na daftari. Nilikaa na baba mkubwa mwezi wa sita, kwa adabu, nikamwambia nataka kuandika ukoo wetu. Akafurahi sana. Alitaja baba yake, babu yake, na wa tatu anamjua kwa jina la utani tu. Hapo akakwama. Majina matatu, ndio mababu wote aliokuwa anaongelea. Shosho, ambaye hata hakuzaliwa kwenye huo ukoo, alifika matano, na pembeni ya kila mwanaume akataja mke au wake, nani alilima wapi.

Mtu mmoja tu alimpotea: yule dada aliyerudi. Alikumbuka kiazi chake, alikumbuka alikuwa anavuta ugoro, jina likakataa kabisa kuja. Nikaacha mstari mtupu.

Wiki jana, saa kumi na moja asubuhi, simu ikalia. Ni tata amempigia, shosho anaongea kwa sauti kubwa kama mtu yuko ng'ambo ya bonde. Hakunisalimia. Alisema tu, "Wangeci. Alikuwa anaitwa Wangeci." Halafu akakata.

Mkutano wa pili ni Desemba. Nimeambiwa nije na chai, na nitakuja na daftari pia.