Mkono Mtupu Haulambwi: Historia ya Mbwa Mmoja wa Miembeni

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii nimeisikia tangu shule ya msingi. Niliiandikia insha, mwalimu akanipa alama zangu nzuri tu. Lakini ndugu msomaji, maana yake hasa sikuijua mpaka nilipokaa nyumba moja na mbwa.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Wataalamu walipima wakasema ukubwa ni 5.9. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, na shule zetu kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Hapa Miembeni tulilala nje, wakubwa kwa wadogo, kila mtu akiogopa ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Siku ya tatu nikasikia mlio mwembamba chini ya jiko la jirani lililoporomoka. Nikafukua matofali kwa mikono. Alikuwa mbwa mdogo, koko, rangi ya udongo, mfupa na ngozi. Alitetemeka mwili mzima, na watoto wa mtaa wakampa jina palepale: Tetemeko.

Wiki zikapita, ardhi ikatulia. Yeye hakutulia. Lori likipita barabarani, yuko chini ya kitanda. Sufuria ikianguka, anajikojolea. Mtu akiinama kufunga kamba za viatu, yeye anadhani linaokotwa jiwe, na hapo mbio mpaka mto Kanoni!

Mwaka uliofuata mbwa mmoja asiye na mwenyewe akamuuma mtoto mtaani. Likapita tangazo: kila mbwa apate chanjo ya kichaa na awe na cheti, asiye nacho atapigwa risasi. Tulipewa siku kumi na nne.

Bibi akaniita. "Mjukuu wangu, mbwa huyu akimuuma mtoto wa watu, mzigo ni wetu. Mtafutie daktari. Ukishindwa, usinililie."

"Ndiyo, waitu," nikajibu. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Kumbe!

Bwana mifugo wa kwanza niliyempata alikuja na kamba na vijana wawili wenye mti wa panda. Walimbana Tetemeko shingo chini, wakamfunga mdomo. Aliponusa sindano akajinyonga, kamba ikakatika, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wangu. Akaniuma kifundo, akaruka ua, akapotea. Yule bwana akafunga mkoba wake. "Huyu si wa kutibiwa," alisema. "Huyu amalizwe tu."

Jirani yetu mmoja, mama wa Kiislamu ambaye mbwa hamgusi kabisa, ndiye aliyenivuta bombani akaniosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano nzima, kisha akanipeleka hospitali. Nilichomwa sindano zangu za kuzuia kichaa, na si ile moja. Tuelewane hapa, msomaji: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Usisubiri. Osha, kisha kimbia hospitali.

Nilimchukia yule bwana mifugo muda mrefu. Siku hizi simchukii tena. Nimesoma kidogo, nikaona kwamba mkono wake mzito ulikuwa na historia ndefu nyuma yake.

Hebu tuangalie. Shule ya kwanza ya udaktari wa wanyama huko Ulaya ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761. Sababu haikuwa mbwa. Ilikuwa sotoka, tauni ya ng'ombe, pamoja na farasi wa mabwana. Sotoka hiyohiyo ikaingia pembe ya Afrika mwaka 1887, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Msomaji wa Dar au Nairobi huenda akaona ng'ombe ni nyama na maziwa. Kwetu Buhaya ng'ombe alikuwa pia shamba. Mbolea yake ndiyo iliyolisha kibanja, kibanja kikalisha migomba, migomba ikalisha watu. Ng'ombe akifa, ndizi nazo zinasinyaa.

Kwa hiyo utaalamu ulipoletwa kwetu, uliletwa kwa ajili ya ng'ombe. Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akipima damu ya ng'ombe wagonjwa. Mwaka 1905 Wajerumani wakafungua maabara ya mifugo Mpwapwa. Baada ya uhuru, vijana wetu walikwenda Kabete, Kenya, kusomea udaktari wa wanyama, mpaka mwaka 1976 kitivo kilipofunguliwa Morogoro, ambacho leo kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kazi yao ilikuwa majosho, chanjo za makundi makubwa, vita na kupe na ndorobo. Wakashinda vita kubwa kabisa: mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imetoweka. Tuwape heshima yao.

Lakini mbwa alikuwa wapi katika historia hiyo yote? Alikuwa kwenye ukurasa wa hatari. Mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Mbwa wengi walitumika katika majaribio ya kuitafuta chanjo hiyo. Lakini hata ilipokwishapatikana, katika miji mingi ya Afrika Mashariki dawa ya mbwa mzururaji ilibaki risasi au sumu. Ng'ombe alipougua aliitiwa mganga, mbwa alipougua aliitiwa bunduki. Bwana mifugo aliyelelewa katika desturi hiyo, nani alimfundisha kukaa chini na mbwa mmoja mwoga?

Na si kwamba sisi hatukujua kumpenda mbwa. Babu yangu alinisimulia kwamba zamani mbwa wa mawindo alivishwa njuga shingoni ili wawindaji wamsikie vichakani, alikuwa na jina lake, na mawindo yakipatikana alikuwa na fungu lake.

Babu huyohuyo aliacha mbwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika nchi yote mpaka ukingo wa mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Mji wa Bukoba ulijaa hofu, watu wakakimbilia kusini, wengine hadi Muleba. Babu alibeba godoro, mtoto na redio. Mbwa alimfunga mlangoni alinde nyumba. Waliporudi, mbwa alikuwa hai, amekonda, kamba kaitafuna, na tangu siku hiyo ngurumo ya radi ilimtia wazimu. "Tulidhani ni mjinga," Babu aliniambia. "Kumbe alikuwa anakumbuka."

Neno hilo lilinipa nguvu ya kuendelea kutafuta. Tetemeko alikuwa amerudi mwenyewe usiku wa pili, akiwa na kipande cha kamba shingoni. Siku zilizobaki zilikuwa tano. Ndipo muuza dagaa mmoja sokoni akanitajia bwana mifugo wa upande wa Muleba ambaye alikuwa akija mjini. Mtu wa makamo, mwenye baiskeli. Nikamweleza yote na kumwonyesha kifundo changu. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Anapenda kula nini?"

Siku ya kwanza alikuja bila mkoba. Akaomba kigoda, akakaa uani, akampa mbwa mgongo! Tukapiga soga za mvua na bei ya kahawa. Kila baada ya muda alitupa dagaa mmoja nyuma yake, bila kugeuka. Nikamwuliza, mbona hata humtazami? Akasema, "Mkono mtupu haulambwi, kijana. Na jicho kavu nalo ni jiwe."

Siku ya pili Tetemeko alikula dagaa kiganjani mwake. Siku ya tatu yule bwana alikuja na chanjo ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu. Hakumfunga mdomo. Aliniagiza nikae kichwani mwa mbwa, nimsemeshe kwa sauti ileile ya kila siku. Akamkuna nyuma ya bega, akamkuna tena, na sindano ikapita katikati ya kukuna. Tetemeko aligeuza kichwa, akanusa ule mkono, akaendelea kula. Bibi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akasema, "Haya ndiyo makubwa." Cheti kikaandikwa zikiwa zimebaki siku mbili.

Miaka baadaye nikasoma habari za Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi. Septemba 1924 mafuriko yaliingia Leningrad, na mbwa wa maabara yake wakakaribia kuzama vizimbani. Waliokolewa, lakini baadhi yao hawakuwa mbwa walewale. Yale waliyofundishwa yalivurugika, na mmoja aliogopa hata maji machache yaliyopenyezwa chini ya mlango. Pavlov na wenzake wakaona jambo: mtu aliyemzoea akikaa naye chumbani, mbwa yule hutulia na kuanza kufanya kama zamani. Nilipofika hapo nikakifunika kitabu. Leningrad Septemba ya mafuriko, Miembeni Septemba ya tetemeko, na dawa ni ileile: kuwa na mtu karibu. Yule bwana wa baiskeli aliijua bila maabara.

Usiseme huu ni upole wa watu wenye nafasi. Wataalamu wanasema karibu kila mtu anayepata kichaa amekipata kwa mbwa, na kwamba kuua mbwa ovyo hakukomeshi ugonjwa. Kinachokomesha ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali. Sasa fikiri: mbwa aliyefundishwa kwamba kila mkono ni kamba, utamchanjaje mwaka ujao? Mkono mzito wa leo ndio unaoficha mbwa wa kesho vichakani, na mtoto wa mtu ndiye atakayelipa. Mwaka 1994 Serengeti ilipoteza takriban theluthi moja ya simba wake, karibu 1,000, kwa ugonjwa wa virusi ambao kwa kawaida ni wa mbwa. Baada ya hapo ndipo kampeni za kuchanja mbwa wa vijiji vya jirani zilipotiliwa mkazo. Mwaka 2008 Bunge letu likapitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Sheria tunayo. Kilichobaki ni kigoda na dagaa.

Wenzangu mnaojifunza kuandika, mimi nilikuwa nikitafuta riwaya yangu kwenye vita na wafalme. Siku hizi nawauliza wazee habari za mbwa wao, na vita yenyewe inajitokeza ndani ya majibu. Waulizeni na nyinyi kabla hawajaondoka.

Tetemeko sasa ni mzee, mvi zimejaa mdomoni. Lori likipita bado anaingia chini ya kitanda. Lakini kila mwaka siku ya chanjo ikifika hukaa uani mwenyewe, akisubiri dagaa wake.