Statiki na mizani ya pamba ya Bariadi

UE inanukia na swali huku kampasi ni lilelile: kigeu cha statiki na kigeu cha kitu vinatofautianaje? Twendeni Bariadi kwenye pamba.

Kwenye chama cha msingi bei ya kilo ni moja, imeandikwa sehemu moja, wote wanaiona. Kilo ni za kila mkulima, kwenye mstari wake daftarini. Daftari hilo lina historia jamani. Usukumani wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaanza kusimamia upimaji wenyewe, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani. (Mkoa wa Simiyu wenyewe umezaliwa juzi tu, 2012.)

Kwenye kompyuta, Dahl na Nygaard wa Oslo ndio walioleta klasi na vitu, kwenye Simula 67. Smalltalk-80 ikatenganisha waziwazi vigeu vya klasi na vya kitu. Neno "static" lenyewe limetoka kwenye C, Stroustrup akalibeba hadi C++, na Java ya 1995 ikalirithi. Hapo ndipo wengi tunapopotea: statiki haimaanishi thamani haibadiliki! Maana yake nafasi yake kwenye kumbukumbu ni moja, ya klasi nzima. Ya kutobadilika ni "final".

Sasa weka kilo ziwe statiki uone. Wa kwanza kapima 300, wa pili 40. Ukichapisha malipo, wote wana 40. Mzee wa watu kapoteza kilo 260 na mizani haijaguswa, na kompaila imekaa kimya kabisa! Ukigeuza, bei ukaiweka kwa kila mkulima, ikipanda inabidi uibadilishe kote. Ukimruka mmoja, huyo kaliwa.

Ila hata bei kuwa statiki mimi siikubali yote. Ikibadilika kesho, aliyeuza jana na hajalipwa atahesabiwa kwa bei mpya, hata kama imeshuka. Bei ya leo iwe statiki sawa, lakini mtu akishapima, inakiliwe kwenye kitu cha mauzo yake. Stakabadhi ya karatasi inafanya hivyohivyo, kilo na bei pamoja.

Haya, nawahi foleni ya msosi. Anayebisha aje na kodi yake.